Kompyuta Yenye Jiko Lake

Nyumbani kwetu maharage yalikuwa yakiiva kabla harusi za watu hazijaisha. Sisemi kwa mafumbo. Mke wangu ni mpiga picha wa sherehe: harusi, sendofu, kicheni pati, maulidi, ubarikio, na mahafali ya watoto wa chekechea wenye majoho marefu kuliko ya maprofesa. Akirudi na picha 1,500 anazimwaga kwenye kompyuta, anachagua, anasafisha, kisha anabonyeza zitoke tayari kwa mteja. Hapo ndipo anapoinuka kwenda kubandika maharage. Yanachemka, yanamwagwa maji ya kwanza, yanaungwa kwa nazi, yanaliwa, sufuria inaoshwa. Kompyuta bado iko kwenye picha ya 200, bibi harusi hata keki hajakata.

Kompyuta hiyo ilikuwa rika la mtoto wetu wa darasa la nne. Ilikuwa na RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka, iliyokwaruza usiku kama panya darini. Siku moja ya Februari, katika lile joto la Dar es Salaam linalomfanya mtu alichukie hata shati lake, ilizima na haikuamka tena. Mke wangu alikaa mbele yake kitambo, mkono shavuni, kama mtu aliyefiwa na jirani mkorofi. Kisha akasema, "Baba watoto, tuitishe kikao."

Kikao kiliitishwa sebuleni, baada ya isha. Mwenyekiti alikuwa mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Tanga kwa wiki mbili kutibiwa goti na sasa anaingia mwaka wa tatu. (Goti limepona. Hatulizungumzii.) Mtaalamu alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, mwanafunzi wa chuo mwenye ujuzi mkubwa wa kompyuta, hasa upande wa michezo ya mpira. Mimi, kwa kuwa ni mhasibu, nilipewa uweka hazina. Mke wangu, ambaye ndiye angeitumia hiyo kompyuta kuanzia asubuhi hadi usiku wa manane, alikuwa mjumbe wa kawaida. Kosa la kwanza lilikuwa hapo.

Hazina ilikuwa na shilingi 1,800,000, zikiwemo za mchezo wa mke wangu na za bati ambalo paa letu bado linalidai.

"Shemeji," alianza mtaalamu, akiniangalia mimi na si dada yake, "kompyuta ziko namna mbili. Kuna yenye kadi na isiyo na kadi. Isiyo na kadi ni ya kuandikia barua. Mtu wa picha hawezi kununua kompyuta isiyo na kadi. Ni kama kwenda baharini na ngalawa isiyo na tanga."

"Hiyo isiyo na kadi," mama mkwe akauliza, "picha inazionaje?"

Shemeji akaeleza, na kwa haki yake alieleza vizuri. Kila kompyuta ina kitu cha kuchora kinachoonekana kwenye kioo. Kwenye nyingi kitu hicho kimo ndani ya prosesa yenyewe. Ndiyo grafiki ya ndani. Haina kumbukumbu yake, inachota kwenye RAM pamoja na programu nyingine zote, na Windows huiruhusu ichote hadi nusu. Yenye kadi ina mchoraji wa pili, chipu yake mbali, kumbukumbu yake mbali, hamwombi mtu.

Mama mkwe akatafuna lile jambo kidogo. "Kumbe huyo wa kwanza anapakuliwa chungu cha wote. Wa pili ana jiko lake."

"Hapohapo, mama!"

"Na mwenye jiko lake, mkaa wake ananunua nani?"

Hakuna aliyejibu. Tulidhani mzee anatania. Lile swali lingetuokoa laki kadhaa na ugomvi mmoja wa siku nne.

*

Jumamosi tukaenda Kariakoo, mimi, mke wangu na mtaalamu. Mtaa wa Aggrey siku ya Jumamosi si mahali pa kufikiri. Unasukumwa na mkokoteni, unaitwa "bosi" na watu watano, na kila aliyekuita bosi ana kompyuta iliyotoka Ulaya wiki iliyopita. Duka tuliloingia lilikuwa na upana wa mlango na nusu. Muuzaji akaweka mbili mezani, bei zikipishana kwa elfu hamsini tu.

Ya kwanza ilikuwa nyembamba, ya ofisini, imetumika, kona moja imechubuka. Prosesa ya Intel ya kizazi cha 11, stika ya Iris Xe, RAM ya GB 8, SSD ya GB 512. Haina kadi. Ya pili ilikuwa nene, nyeusi, ina michirizi myekundu pembeni kama basi la mkoani, na taa chini ya vitufe. Kadi ya GTX 1650 yenye kumbukumbu yake ya GB 4, RAM ya GB 8, SSD ileile. Stika zilijaa hadi hapakuwa na pa kuweka kiganja.

Mke wangu alitoa flashi kwenye mkoba, akafungua picha moja kwenye zote mbili, picha ya watoto wa maulidi wakiwa wamevaa kanzu. Akaangalia huku, akaangalia kule. Akainamisha kichwa. "Hii nyembamba inanionyesha watu," akasema. "Hiyo nene inanionyesha ukungu."

"Dada, huo ni mwanga wa dukani," shemeji akasema.

Nami, naungama mbele yenu, namba kubwa hunilevya. Kazini nikiona hesabu mbili, jicho linakwenda kwenye yenye tarakimu nyingi. Nikauliza kasi ya kumbukumbu. Ile nyembamba, ikiwa na RAM ya DDR4 ya kawaida kwenye njia moja, hupitisha GB 25.6 kwa sekunde. Kadi ya ile nene, peke yake, GB 128. Mara tano! Nani mhasibu mwenye akili zake angeiacha mara tano kwa elfu hamsini?

Kura zikapigwa kando ya mkokoteni wa nanasi. Wawili kwa mmoja. Mwenyekiti alipigiwa simu nyumbani Magomeni, akauliza tu, "Mwenye mashine amesema nini?" nami nikamjibu kwamba mtandao unakatikakatika.

*

Usiku wa kwanza mama mkwe alitoka chumbani na khanga mabegani akiuliza nani anasaga unga saa nne. Ilikuwa feni ya kompyuta. Feni mbili kwa kweli, moja kila upande, zikipuliza hewa ya moto hadi mshumaa wa mbu uliokuwa mezani ukawa unawaka upande mmoja. Chaja yake ilikuwa tofali. Sitii chumvi, mtoto aliipima kwa rula ya shule kulinganisha na tofali la uani na akasikitika kwamba imepungua kidogo tu. Vitufe vya katikati vilipata joto la kikombe cha chai. Mke wangu akawa anafanya kazi na kitambaa kibichi pembeni, kama mtu anayekanda mgonjwa.

LUKU yetu, iliyozoea kujazwa kwa utaratibu, ilianza kulia mapema. "Nilisema mkaa," mwenyekiti akasema, na akaendelea kuchambua mchele.

Kisha umeme ukakatika. Ilikuwa Alhamisi, picha 600 zimebaki, mteja anazitaka Ijumaa kabla ya swala. Betri ilishika saa moja na dakika kidogo. Na katika hiyo saa moja, mashine ikawa nzito kama imekula futari ya watu wawili. Sikujua wakati ule kwamba kadi za namna hii zikitolewa kwenye umeme wa ukutani hupunguziwa nguvu kwa makusudi, kwa sababu betri haiwezi kuzilisha kwa kiwango kile. Yaani jiko tulilinunua, ila linawaka vizuri pale tu ambapo mkaa ni wa mtu mwingine.

Haya yote yangevumilika. Nyumba zimevumilia makubwa. Kilichotuvunja ni damu ya mzee.

Kulikuwa na sendofu huko Temeke. Upande wa bibi harusi, mashangazi, mama wakubwa, mama wadogo, watu kama arobaini, walishona sare ya rangi ya damu ya mzee. Unaijua rangi hiyo: nyekundu iliyokomaa, nyekundu yenye heshima zake, inayokaribia weusi lakini haifiki. Mke wangu alizipiga picha vizuri. Akakaa nazo kwenye ile kompyuta nene siku tatu. Kila akitazama, sare ilionekana kahawia, kama chai ya rangi iliyopoa. Kwa hiyo akaongeza wekundu. Ikawa afadhali. Akaongeza tena kidogo. Akaridhika, akapeleka studio ya kuchapia, albamu ikatoka, nzito, ya ngozi, maandishi ya dhahabu.

Simu ilipigwa siku iliyofuata, na ilikuwa kwenye spika kwa sababu mke wangu alikuwa anakuna nazi.

"Mwanangu," ilisema sauti ya shangazi, taratibu, kwa ule upole unaotangulia mvua. "Sisi tulishona damu ya mzee."

"Ndiyo, shangazi."

"Hii uliyotuletea ni damu ya kuku."

Kimya. Nyuma ya shangazi zilisikika sauti nyingine, na mmoja akisema kwamba amekaa kwenye picha kama nyanya ya Lushoto. Mama mkwe alicheka hadi akashika goti, akasahau kwamba limepona.

Tulichapa upya kwa gharama zetu. Shilingi 240,000. Niliziandika kwenye daftari la hazina chini ya "mengineyo", mwenyekiti akalichukua daftari, akakata, akaandika kwa mkono wake: "kura".

*

Siku nne nyumba ilikuwa na baridi ambayo Februari haina. Mke wangu alizungumza nami kupitia watoto. "Mwambieni baba yenu chakula kipo." Siku ya tano alimwita mdogo wake, akamkalisha mbele ya mashine. "Nionyeshe hiyo kadi inafanya nini. Sitaki maneno, nataka kuona."

Windows ina dirisha moja linaloonyesha nani ndani ya kompyuta anafanya kazi na nani amelala. Shemeji akalifungua. Mke wangu akawasha Lightroom, programu yake ya kuhariri picha, akaanza kuingiza picha na kuzipitia moja moja. RAM ikapanda: asilimia 80, 90, 96. Prosesa ikatweta. Grafiki ya ndani, maana kumbe ile kompyuta nayo ilikuwa na ya ndani, ikajikongoja na kidogo chake. Na kadi, ile ya mara tano, ile ya kura, ilikuwa kwenye sifuri.

"Labda haijaamka," shemeji akasema kwa sauti ndogo.

"Fungua mpira wako."

Akafungua. Kadi ikaruka hadi 97, feni zikapiga kelele, uwanja ukajaa nyasi za kijani.

"Kumbe inaamka," mke wangu akasema, "ukicheza wewe."

Hapo ndipo nilipochukua likizo ya siku mbili, nikasoma mambo niliyopaswa kuyasoma kabla ya kupiga kura. Kompyuta nyingi za mapajani zenye kadi zina wachoraji wote wawili. Tangu NVIDIA walete mpango wa kupokezana mwaka 2010, kazi ndogo huachiwa wa ndani ili kuokoa betri, na kadi huamshwa kazi ikiwa nzito. Nani aamue ipi nzito? Mara nyingine Windows, mara nyingine wewe, kwa kwenda kwenye mipangilio na kuiambia programu fulani itumie kadi. Sisi hatukuwa tumemwambia mtu. Tulimwajiri mpishi, tukamfungia stoo.

Na hata tulipomfungulia, akaingia jikoni, haikuwa miujiza. Vidole vya mke wangu vilipovuta mwanga na kivuli, picha iliitikia haraka zaidi, hilo nalisema kwa haki. Lakini kuingiza picha, kuzipitia, kurukia inayofuata, huko ndiko kwenye saa nyingi za siku yake, na huko ni kazi ya prosesa, SSD na RAM. RAM ilikuwa imejaa pomoni. Jiko la pembeni halisaidii kitu ikiwa mlango wa kuingilia nyumbani ndio umeziba.

Kuna hesabu moja ilinifanya nicheke peke yangu sebuleni. Picha ya kamera yake ina megapikseli 24, yaani nukta 6,000 kwa 4,000. Lakini kioo cha kompyuta kilikuwa cha 1,920 kwa 1,080, nukta milioni mbili na ushee. Kuchora nukta milioni mbili za picha iliyotulia, isiyokimbia wala kupiga chenga, si mzigo kwa grafiki ya ndani ya miaka hii. Mtu mwenye kioo cha 4K anachora mara nne ya hizo, na hapo kadi inaanza kudai heshima yake. Mpira wa shemeji unataka picha mpya mara 60 kila sekunde, kila unyasi na kivuli chake. Harusi haikimbii hivyo, labda siku ya kugombea zawadi.

Nikaelewa pia kwa nini kila niliyemuuliza kazini alinipa jibu lake. Lightroom ilitoka mwaka 2007 ikifanya uhariri wote kwa prosesa. Mwaka 2015 ndipo ilipoanza kuitumia grafiki wakati wa kuhariri, 2019 ikaitumia zaidi, 2022 ikairuhusu isaidie hata kutoa picha zilizokamilika. Kwa hiyo aliyejifunza 2012 anakwambia kadi ni upuuzi, aliyejifunza juzi anakwambia huwezi kuishi bila kadi, na wote wawili wanaapa.

Na damu ya kuku? Kadi haikuhusika kabisa. Ni kioo. Nilitafuta karatasi ya vipimo ya kile kioo cheusi, nikakuta kimeandikwa asilimia 45 ya NTSC. NTSC ni kipimo cha rangi za televisheni za Marekani cha mwaka 1953. Ndiyo, 1953, hadi leo kioo cha kompyuta kinaringishiwa televisheni ambazo babu zetu hawakuziona. Kwa lugha ya sRGB, kipimo cha mwaka 1996 ambacho studio nyingi za kuchapia zinakitegemea, asilimia 45 ile ni pungufu ya theluthi mbili ya rangi zote. Wekundu uliokomaa ni miongoni mwa zinazokosekana. Mke wangu alikuwa akiongeza wekundu ambao kioo hakina uwezo wa kuuonyesha, nao ulikuwa unajikusanya kimya ndani ya faili, ukisubiri studio uje kulipuka usoni mwa shangazi.

Aliliona hilo kwa jicho, Kariakoo, kwa nusu dakika, kwa picha ya watoto wa maulidi. Mimi nilihitaji likizo ya siku mbili.

*

Kuiuza ile nene hakukuchukua muda. Ukuta wa pili kuna kijana anayekata video za harusi na za wanamuziki wanaochipukia. Yeye kadi ni mkono wake wa kulia, kwa sababu ndani ya kadi zile mna sehemu maalumu ya kusindika video, na kazi ya kuisubiri video usiku kucha huwa ya saa chache. Kioo hakikumkera, ana kioo kikubwa cha mezani anachochomeka. Feni hazikumkera, anaishi na spika. Tulipoteza 150,000 kwenye biashara hiyo. Shemeji aliisindikiza hadi mlangoni kwa jirani, akasimama pale kidogo, kama ndugu wa bibi harusi.

Tukarudi Kariakoo. Safari hii mweka hazina alishika mkoba na mke wangu akaongea. Ile nyembamba ilikuwa bado ipo, na kona yake iliyochubuka. Kando yake palikuwa na Mac mojawapo ya zile za chipu ya M1, zilizotoka mwaka 2020, ambazo grafiki yake ni ya ndani na inakula chungu kimoja na prosesa, isipokuwa chungu chenyewe kimesukwa kwa namna ya peke yake na wote wanashiba. Hiyo inavuruga hotuba yote ya shemeji kuhusu barua na ngalawa. Bei yake ilituvuruga sisi. Tukachukua yetu nyembamba.

Ungedhani hapo kisa kimekwisha.

Usiku ule, kwa kuwa mtu aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ong'o, nilifungua mipangilio kukagua. Stika kwenye kiganja: Iris Xe. Ndani ya Windows: Intel UHD Graphics. Nikasoma mara mbili. Nikamwamsha shemeji. UHD ni jina la grafiki za chini zaidi! Tumebandikiwa stika ya uongo! Sikulala. Saa mbili asubuhi nilikuwa Aggrey, muuzaji hata hajafungua kufuli la pili, nikatoa hotuba ambayo wauza nanasi walisimama kuisikiliza. Nilitaja dhuluma. Nilitaja polisi. Nilitaja, Mungu anisamehe, mama yake.

Ndani ya duka mlikuwa na binti fundi, akinywa chai. Akaweka kikombe, akachukua bisibisi, akageuza mashine, akafungua mfuniko wa chini. "Shikamoo, mzee. Njoo uone." RAM moja ya GB 8 ilikuwa imechomelewa kwenye ubao. Pembeni yake palikuwa na nafasi ya pili, tupu, safi, ina vumbi kidogo.

Akaeleza bila haraka. Grafiki ya Iris Xe inakula kwenye RAM. RAM ikiwa ya njia moja, inachota kwa mwiko mmoja, na Intel wenyewe wameweka sharti: mashine isiyo na RAM ya njia mbili, jina la Iris Xe hailipati, inaitwa UHD. Chipu ni ileile. Akachukua kipande cha GB 8 kwenye sanduku, akakibonyeza kwenye nafasi, kikalia *ta*. Akawasha. Akafungua mipangilio.

Intel Iris Xe Graphics.

Kutoka GB 25.6 kwa sekunde hadi 51.2, na RAM kutoka 8, kiasi kilekile kilichojaa pomoni kwenye ile nene, hadi 16. Shilingi 70,000 pamoja na ufundi. Nilimlipa, nikamwomba radhi muuzaji, nikamwomba radhi mama yake muuzaji kwa niaba, nikanunua nanasi ambalo sikulihitaji.

Nilipowahadithia nyumbani, mama mkwe aliridhika sana. "Chungu kimoja hakina tabu," akasema. "Mlikuwa mnapakua kwa mwiko mmoja."

Kabla ya kazi yoyote kuanza, aliingia chumbani akafungua sanduku lake, akatoka na kisutu, ile khanga ya harusi yenye wekundu, weusi na weupe, yake mwenyewe, akaitandika kando ya kompyuta karibu na dirisha. Alifanya biashara ya khanga Tanga miaka mingi. Wekundu anaujua kwa majina. Mke wangu akaipiga picha, akaiweka kwenye kioo. Bibi akavaa miwani, akaangalia kioo, akaangalia khanga, akaangalia kioo. "Punguza mwanga wake kidogo. Hapo. Sasa tunaelewana." Kuna vifaa vya kupimia rangi za kioo vinavyouzwa kwa hela nyingi, na nitavinunua siku moja. Kwa sasa kisutu hakitoki mezani, na bibi hupita kila asubuhi kukagua.

Maharage sasa hupata shida kumaliza kabla ya picha.

Limebaki jambo moja, na lazima niliseme, maana shemeji anasoma. Kumbi nyingi za sherehe zina giza. Mke wangu hupiga kwa ISO 6400, picha zinatoka na chenga kama mchanga wa ufukweni. Tangu Aprili 2023 Lightroom ina zana ya kuondoa chenga hizo kwa akili bandia, na zana hiyo ndiyo mlafi wa kweli wa grafiki. Kwenye mashine yetu picha moja inachukua dakika tisa. Wiki iliyopita alikuwa nazo 40. Nikapiga hesabu: saa sita, feni ikilia, kwa picha za bwana harusi akilishwa keki gizani.

Kwa jirani, kwenye ile kadi yetu ya zamani, ni dakika mbili na nusu.

Jumapili jioni shemeji alitoka chumbani amevaa raba, amenyoa, flashi mkononi, na sahani ya maandazi imefunikwa kwa kawa. Mama mkwe alikuwa kwenye jamvi anasuka ukili.

"Wewe, unakwenda wapi na maandazi yangu?"

"Kwa jirani, mama. Picha 40."

"Utakaa saa ngapi?"

"Saa moja na nusu hivi. Mbili." Akasita. "Nitakuwa naangalia isikwame."

Kupitia ukutani tukasikia feni zikipanda, na muda si muda, kelele za uwanja mzima zikishangilia goli.

"Kijana amekwenda kuomba moto," bibi akasema, akaendelea na ukili wake.